Fahamu: Kwa nini pampu za mafuta hujaribiwa kiwandani kabla ya kusafirishwa

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na vituo 6 vya pampu. Mafuta yake yana nta nyingi, hivyo lazima yapashwe moto yasigande njiani. Pampu ikigoma huko porini, fundi na vipuri viko mbali. Ndiyo maana kasoro inafaa kunaswa kiwandani, mashine ikiwa bado mikononi mwa aliyeiunda. Hapo huwashwa kwa kasi yake ya kazi, na mkaguzi wa mnunuzi hutazama mtetemo wa shafti, joto la beringi, uvujaji, na kama shinikizo linafikia lile lililoahidiwa kwenye mkataba. Kompresa za gesi nazo hujaribiwa hivyo: kwa mujibu wa API 617, kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, huzungushwa saa 4 mfululizo, kwani beringi haifikii joto lake la kawaida kwa dakika chache.

Wapo wanaosema jaribio hili ni la bandia: pampu hunyweshwa maji, si mafuta yenye mnato, tena juu ya msingi wa karakana. Ni kweli. Lakini athari ya mnato wa mafuta hukadiriwa kwa kanuni zinazojulikana. Beringi iliyofungwa vibaya haina kanuni ya kuikadiria. Gharama na wiki za kusubiri ni hoja nzuri ya kuacha jaribio kwa pampu ndogo yenye mbadala, si kwa ile inayoweza kusimamisha bomba zima. Msingi na ulinganifu wa shafti, hata hivyo, hupimwa upya palepale kituoni.