Oman: Umeme wa milimani na mvua inayogombaniwa

Tarehe 14 Aprili 2024, wadi iliyofurika huko Samad al-Shan, mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, ilisomba gari lenye wanafunzi. Kuanzia Ibra hadi Sur watu walikuwa wakiulizana: je, ni mvua ya kutengenezwa?

Swali hilo lina chanzo chake. Tangu mwaka 2013 mitambo ya kuongeza mvua imefanyiwa majaribio katika Milima ya Hajar. Haitumii ndege wala chumvi. Nyaya nyembamba hupitishiwa umeme wa nguvu kubwa, hewa iliyo kandokando ikapata chaji hasi, nayo chaji hiyo hunata kwenye chembe za vumbi. Upepo unaopanda mlima huzibeba hadi mawinguni, na huko, kwa maelezo ya watetezi wake, matone hugongana na kuungana kwa wepesi zaidi.

Uchambuzi wa majaribio ya 2013 na 2014 ulikadiria ongezeko la mvua la karibu asilimia 18. Ni makadirio ya takwimu tu. Mvua ambayo ingenyesha bila mitambo haipimwi na mtu.

Ila mitambo hiyo haiumbi mawingu. Dhoruba ya 2024 ilitanda sehemu kubwa ya Ghuba, na wanasayansi wa World Weather Attribution walisema kunyunyizia mawingu hakukuwa na athari kubwa.

Huko Nizwa, Falaj Daris, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, bado hutegemea maji ya ardhini yanayojazwa na mvua hiyohiyo.