Ndugu watano ndani ya muhogo: wanasayansi watafuta kazi ya kila mmoja

MUHOGO unaweza kuwa na ganda safi na umbo la kuvutia, lakini ukiukata unakuta madoa makavu ya kahawia. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kwa mfanyabiashara anayenunua kwa gunia, hasara hugundulika mzigo ukiwa umeshalipiwa.

Ugonjwa huo uliripotiwa Tanganyika mwaka 1936 na kwa miaka mingi ulijulikana zaidi ukanda wa pwani. Kuanzia 2004 ulionekana Uganda, kisha ukasambaa nchi za Maziwa Makuu. Virusi vyake huenezwa na nzi weupe, na pia na pingili za mbegu zinazobebwa kutoka shamba hadi shamba, hata kuvuka mpaka.

Kuupatia dawa si rahisi, kwa sababu sayansi bado haijui kazi ya jeni nyingi za mimea. Jeni ni maagizo ya kutengeneza protini. Mwaka 2000 wanasayansi walipomaliza kusoma jeni za arabidopsisi, mmea mdogo wa utafiti, walihesabu takriban 25,500. Karibu theluthi moja hawakuweza kueleza zinafanya nini.

Njia mojawapo ya kuchunguza ni kuzipanga jeni zinazofanana katika koo, kisha kuzima moja na kutazama mmea utabadilikaje. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna kinachobadilika: ndugu yake hushika kazi.

Ndivyo ilivyo kwa muhogo. Kuna ukoo wa protini tano ambazo mmea huzitumia kuanzisha utengenezaji wa protini nyingine. Virusi vya michirizi ya kahawia hujishikiza humo ili kuzaliana. Watafiti nchini Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, walizima ndugu wawili kwa pamoja. Dalili zilichelewa na uozo wa mizizi ukapungua, ingawa virusi havikuisha. Inaelekea ndugu waliobaki bado vinawafaa.

Kazi hiyo ni ya maabara, haijawa mbegu ya dukani. Kwa sasa kinga ya mfanyabiashara ni kisu: kata mihogo michache ya kila gunia kabla ya kulipa. Na usivushe pingili bila cheti cha afya ya mimea. Mzigo mmoja wenye ugonjwa unaweza kuharibu mashamba unayotegemea kununua msimu ujao.