Kivuli Kinaangukia Wapi?
Utangulizi wa Elimu ya Mwanga wa Nyumbani

Nyumba ikishapauliwa, kabla kuta hazijapigwa lipu, hufika siku fundi umeme akasimama chumbani na chaki mkononi akauliza: "Mama, taa nikuwekee wapi?" Mama, ambaye kichwani ana hesabu ya saruji na marumaru, hujibu neno moja: "Katikati." Fundi hutia alama, huhamia chumba cha pili, na jibu huwa lilelile. Shughuli yote huchukua dakika tano, na familia itaishi nayo miaka thelathini. Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya dakika hizo tano.

Matokeo yake yaonekana vizuri zaidi jikoni, baada ya magharibi. Taa iko katikati ya dari, meza ya kukatia iko ukutani. Mpishi akisimama mezani, taa inabaki kisogoni kwake, naye anakata kitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Akilalamika, hununuliwa balbu kubwa zaidi. Sakafu inang'aa, kuta zinang'aa, kisogo kinang'aa, na kivuli kiko palepale juu ya kitunguu. Taa ndogo iliyofungwa chini ya kabati, mbele ya uso wake, ingemaliza kesi kwa umeme kidogo.

Hapo ndipo elimu hii inapoanzia. Wengi hudhani ni elimu ya taa, kumbe sehemu yake kubwa ni elimu ya vivuli: nani anakaa wapi, anafanya nini, na kivuli chake kinaangukia wapi. Balbu huja mwisho.

Wala si elimu ngeni kwetu. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu katika karne ya 18 hawakuwa na swichi, lakini walipanga mwanga kwa hatua. Jua liliingia kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa, likapita msana wa tini, yaani ukumbi unaoukabili ua, likafifia kidogo msana wa yuu, ukumbi ulio nyuma yake, na lilipofika ndani kabisa lilikuwa limepoa. Vyumba vilikuwa vyembamba, kwa kuwa upana wake haukuweza kuzidi urefu wa boriti za mikoko, na kuta zilipakwa chokaa nyeupe iliyorudisha mwanga kidogo uliobaki. Mgeni alipokelewa kwenye mwanga, faragha ikatunzwa kwenye utusitusi. Kila hatua ilikuwa na kazi yake na watu wake.

Sisi tunahitaji msamiati wa kupimia. Wati hueleza taa inakula umeme kiasi gani, na lumeni hueleza inatoa mwanga kiasi gani. Zamani vipimo hivi viwili vilikwenda pamoja, ndiyo maana mpaka leo dukani tunaomba "balbu ya wati 60". Balbu ile ya waya unaowaka moto ilitoa lumeni 700 au 800 hivi. Taa ya LED hutoa kiasi hicho kwa wati 8 au 9. Ziwashe zote mbili saa tano kila usiku kwa siku 30: ya kwanza imekula uniti 9, ya pili uniti moja na robo na kitu. Kwa hiyo soma lumeni kwenye boksi kwanza, wati baadaye.

Kipimo cha tatu ni luksi, yaani mwanga unaofika pale unapouhitaji: lumeni moja ikienea juu ya mita moja ya mraba ni luksi moja. Huku ndiko umbali unakoonyesha nguvu zake. Taa ndogo ikisogezwa kutoka mita mbili hadi nusu mita juu ya kitabu, mwanga unaofika kwenye ukurasa huongezeka mara 16. Mafundi cherehani walilijua hili bila hesabu, wakaiweka taa karibu na sindano badala ya kuining'iniza darini.

Kisha iko rangi ya mwanga, inayopimwa kwa kelvini. Taa yenye 2700 ina unjano wa koroboi na balbu za zamani. Yenye 6500 ni nyeupe inayoelekea buluu, ile inayopendwa madukani na sebuleni kwetu kwa kuwa huonekana "kali". Lakini ndani ya jicho zimo seli ambazo kazi yake kubwa ni kuuarifu mwili kama ni mchana au usiku, nazo huitikia zaidi mwanga wa kibuluu. Ukiiweka taa ya 6500 juu ya kitanda, unauambia mwili kuwa ni adhuhuri, kisha unashangaa usingizi hauji. Jikoni na kwenye meza ya masomo weupe wa 4000 unafaa. Chumbani, shuka hadi 2700.

Nambari ya kelvini haisemi yote. Khanga uliyoinunua ikiwa nyekundu iliyoiva inaweza kufika nyumbani imepauka, ilhali rangi yake haijaguswa. Taa duni huacha baadhi ya rangi bila mwanga wa kutosha. Uwezo wa taa kuonyesha rangi kama zilivyo hupimwa hadi 100. Kwa jikoni na mbele ya kioo, tafuta 90 au zaidi.

Mwisho wa yote, ni macho ya nani? Lenzi ya jicho huwa nzito kadiri umri unavyosonga, na mboni haifunguki kama zamani. Mwanga unaomtosha mjukuu kufanyia hesabu ni giza kwa bibi anayesoma Msahafu kwenye kiti cha pili. Bibi hahitaji sebule nzima iwake. Anahitaji taa yake mwenyewe, begani, yenye kifuniko kisichomchoma macho.

Sura zinazofuata zitaingia chumba kimoja kimoja, kuanzia barazani hadi bafuni. Huhitaji kujua fizikia, wala kuwa na nyumba yako; aliyepanga chumba kimoja ana mengi ya kufanya kwa taa ya mezani na kopo la rangi nyeupe.

Ila usifungue sura ya kwanza bado. Usiku wa leo, subiri mtu aingie jikoni, nawe usimame mlangoni kimya. Usitazame taa. Tazama mikono yake, uone kama inafanya kazi kwenye mwanga au kwenye kivuli cha mwenyewe. Ukishaona, weka chaki karibu.