Dawa ya Moyo Isikatike

Yako maradhi yanayodai subira ya mgonjwa na uangalifu wa Serikali kwa pamoja, na moyo kushindwa kufanya kazi ni mojawapo. Jina lenyewe huwatisha watu, wakadhani kwamba moyo umekwisha simama. Sivyo. Maana yake ni kuwa moyo umedhoofika, hausukumi damu kwa kiasi unachohitaji mwili, na maji hujikusanya miguuni, tumboni na mapafuni. Mgonjwa huvimba miguu, huchoka upesi, na usiku hulazimika kuegemea mito miwili au mitatu ili apate pumzi.

Leo tunaitazama Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, kwa kuwa huko ugonjwa huu hauna pa kujificha. Sisi wa visiwani, tunaoishi tambarare, twaweza kupunguza mwendo kidogo kidogo bila ya kujiuliza sababu. Mkulima wa Kibosho, Marangu au Machame hana njia isiyopanda. Siku anapolazimika kusimama mara tatu katika njia aliyokuwa akiipanda bila ya kutua, moyo wake umekwisha toa taarifa. Bahati mbaya wengi huiita taarifa hiyo uzee, au pumu, au mkono wa mtu.

Chanzo kikubwa kinajulikana, nacho ni shinikizo la damu. Uchunguzi uliofanywa Ilala, mjini Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari, wilayani Hai, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watu wazima walikuwa nalo. Miongoni mwao, hata mmoja katika watano hakujua kwamba anaumwa. Waliokuwa wakitibiwa walikuwa kama mmoja katika kumi. Na ambao shinikizo lao lilikuwa limeshuka hadi kiwango kinachotakiwa hawakufika mmoja katika mia. Matunda ya kutojua huko yameonekana hospitalini. Katika wagonjwa 427 wa moyo dhaifu waliochunguzwa Muhimbili mwaka 2012 na 2013, asilimia 45 walifikishwa hapo na shinikizo la damu, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Huo ni umri wa mtu ambaye bado anasomesha watoto.

Hata hivyo, maradhi haya yana dawa. Mwaka 1987 madaktari wa nchi za Skandinavia walitangaza matokeo ya kidonge cha enalaprili kwa wagonjwa waliokuwa katika hali mbaya kabisa: katika miezi sita walikufa 26 katika kila mia, ilhali miongoni mwa wasiokipata walikufa 44. Tangu hapo dawa nyingine zimeongezeka. Frusemidi huyatoa maji kwa njia ya mkojo. Enalaprili huupunguzia moyo mzigo. Karvediloli huutuliza mwendo wake. Lakini kwa wagonjwa walio wengi vidonge hivi haviondoi ugonjwa, bali huushika usikimbie. Hapo ndipo penye hatari. Mguu ukinywea na pumzi ikirudi, mgonjwa husema amepona, akaacha. Baada ya majuma machache hurudi akiwa amebebwa.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa nyumbani. Mgonjwa ameze dawa kila siku kama alivyoandikiwa, wala asiache bila ya idhini ya daktari. Apunguze chumvi, na akumbuke kwamba magadi yanayolainisha maharage huko mlimani, kama papa mkavu na ng'onda wa huku kwetu, huuletea mwili madhara yale yale ya chumvi. Ajipime uzito kila asubuhi. Akiongezeka kilo mbili katika siku tatu, hayo ni maji, arudi kwa daktari. Wala asijinunulie dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwani huyazuia maji mwilini.

Wajibu wa pili ni wa Serikali. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kanda yote ya kaskazini. Lakini mgonjwa hulala hospitalini siku chache, kisha hurudi kijijini kuishi na maradhi yake kwa miaka. Ikiwa kila mwezi itampasa ateremke mlima, alipe nauli na kupoteza siku nzima kwa ajili ya vidonge vile vile, iko siku nauli itakosekana, na siku hiyo tiba itakatika. Ndivyo itakavyokuwa pia kwa mgonjwa wa Pemba iwapo dawa yake ataipata ng'ambo ya bahari tu.

Jambo hili si geni kwetu. Kibong'oto, kwenye miteremko ya mlima huo huo, wagonjwa wa kifua kikuu wametibiwa tangu mwaka 1926. Na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977, ulikuja kuwa somo kwa mataifa mengine. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo zimesambazwa hadi vijijini. Nchi iliyoweza hayo haishindwi na kidonge cha moyo.

Rai yetu kwa wahusika wa pande zote mbili za Muungano ni hii. Kila mtu mzima aingiaye zahanati apimwe shinikizo la damu, hata kama amekuja kwa kidonda cha mguu. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia apewe dawa za miezi kadhaa, na azipate karibu na mlango wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, na Mfuko wa Huduma za Afya ulioanzishwa Zanzibar mwaka huo huo, vipimwe kwa kipimo kimoja: je, mkulima wa Rombo na mvuvi wa Micheweni wamepata dawa yao mwezi huu, na watapata mwezi ujao? Moyo hauna siku ya mapumziko, na dawa yake isiwe nayo.