Kabla ya Kununua Aksesi Pointi, Uliza Inasimamiwaje

Ukiingia duka la vifaa vya mitandao, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, utaonyeshwa aksesi pointi tatu au nne ambazo kwa macho hazina tofauti: sahani nyeupe ya plastiki, kitaa kimoja, tundu la waya wa mtandao mgongoni. Muuzaji atakutajia bei na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Ni nadra akakwambia kifaa kile kinasimamiwaje, nani atashika nywila yake, na kama kuna malipo ya kila mwaka yanayokifuata. Pesa nyingi hupotelea hapo. Kwa hiyo haya namwandikia mwenye nyumba ya wageni, mkuu wa shule au mwenye zahanati anayetaka Wi-Fi ya kutegemewa, na hana kitengo cha TEHAMA cha kumlinda.

Tuchukue nyumba ya wageni yenye vyumba ishirini inayohitaji aksesi pointi nne. Bei ya kifaa chenyewe siku hizi si mzigo mkubwa sana. Wi-Fi 6, ambayo kiwango chake kiliidhinishwa mwaka 2021, imeshuka hadi vifaa vya kawaida: U6+ ya Ubiquiti ilitoka kwa bei elekezi ya dola 99 za Marekani, na cAP ax ya MikroTik kwa dola 129. Ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Kwa nyumba kama hii, tofauti ya kizazi kimoja cha Wi-Fi na kingine wageni hawataihisi sana, kwa sababu mara nyingi kinachobana ni kifurushi cha intaneti kinachoingia. Njia utakayochagua ya kusimamia vifaa hivyo utaishi nayo miaka mitano au zaidi.

Njia ya kwanza ni kila aksesi pointi kujitegemea. Unafungua kivinjari, unaandika anwani ya kiwandani, kwa mfano 192.168.88.1 kwa MikroTik au 192.168.0.254 kwa EAP za TP-Link zisipopewa anwani na ruta, kisha unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio. Kwa duka lenye aksesi pointi moja hii inatosha kabisa, na sioni sababu ya kulipia zaidi. Zikifika nne, kila badiliko lafanywa mara nne. Ukibadilisha nywila ya wageni ukasahau kifaa cha ghorofani, mgeni wa chumba namba 14 atakaa bila mtandao usiku kucha na hakuna atakayejua sababu. Kila mara unamwita fundi, na kila ujio wake una bei. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima, njia hii ya “bure” huwa si bure tena.

MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanza mwaka 1996, inahitaji maelezo yake peke yake. Hakuna kifaa cha bei hiyo kinachokupa uwezo mwingi namna ile, na kontrola yake, yaani programu ya kuongoza aksesi pointi zote kwa pamoja, iitwayo CAPsMAN, haina malipo. Nawashauri waichague wale tu wenye fundi anayeijua vizuri na anayepatikana. Mwaka 2018 uligundulika upenyo katika Winbox, programu inayotumika kuisimamia. Kampuni iliuziba mwezi Aprili mwaka huohuo, lakini miezi kadhaa baadaye ruta zinazokaribia laki mbili zilikuwa zimetekwa na kutumiwa kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya wahalifu. Dawa ilikuwa imeshatolewa bila malipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi na kubonyeza kitufe cha kusasisha.

Njia ya pili ndiyo ningeipa nyumba yetu ya wageni: aksesi pointi zinazoongozwa na kontrola moja isiyo na ada ya mwaka. UniFi ya Ubiquiti na Omada ya TP-Link ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi. Unabadilisha kitu mara moja, vifaa vyote vinne vinafuata. Programu ya kontrola ni ya bure ukiisimika kwenye kompyuta yako, ila hapo kuna gharama ambayo haiandikwi popote. Kompyuta ya zamani inayokula wati 60 usiku na mchana itamaliza takriban uniti 525 za umeme kwa mwaka. Kontrola ndogo ya kununua, kama OC200, hutumia chini ya wati 10, yaani haifiki uniti 88. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti unayolipa kwenye LUKU au kwa tokeni, kisha uone kifaa kile kidogo kinarudisha pesa yake kwa muda gani.

Jambo jingine la kuuliza ni nini kinatokea kontrola ikizimika. Aksesi pointi zenyewe huendelea kurusha mtandao kama kawaida. Kinachosimama ni ukurasa ambapo mgeni huingiza vocha ya kupata Wi-Fi, kwa mifumo ambayo ukurasa huo unaishi ndani ya kontrola. Ukiiweka kontrola kwenye kompyuta ya mapokezi ambayo mhudumu huizima saa nne usiku, mgeni anayefika saa tano hataweza kuingia. Pia iko familia ya Aruba Instant On kutoka HPE, ambayo husimamiwa kupitia seva za kampuni bila ada ya mwaka. Hiyo inakuondolea habari ya kontrola, lakini mipangilio yako yote inategemea akaunti iliyo kwao na intaneti iliyo hai.

Njia ya tatu ni leseni. Mfano unaojulikana zaidi ni Meraki, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006 na kununuliwa na Cisco mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.2. Usimamizi wake ni mzuri kwelikweli, na kampuni yenye matawi Arusha, Mombasa na Kigali inayotaka kuyaona yote kwenye kioo kimoja bila kuajiri fundi kila mji itafaidika nayo. Bei elekezi ya leseni ya mwaka kwa aksesi pointi moja imekuwa ikizunguka dola 150. Kwa vifaa vinne na miaka mitano hiyo ni dola 3,000 juu ya bei ya vifaa, ingawa leseni ya miaka mingi hupunguzwa bei. Leseni ikiisha, unapewa siku 30 za kuongezewa muda, kisha mtandao unaacha kufanya kazi. Kwa nyumba ya vyumba ishirini, ambayo miezi ya mvua wageni huadimika, kujifunga na malipo ya namna hiyo ni hatari nisiyoweza kuishauri.

Sasa tuingie kwenye ukurasa ambao wengi huuogopa, ule wa mipangilio ya ndani. Nauchukulia kama sehemu ya bei, kwa sababu mara nyingi mtu huambiwa anunue aksesi pointi ya tano wakati zile nne zimepangwa vibaya.

Anza na nguvu ya kurusha. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa kwenye nguvu ya juu kabisa au karibu nayo. Kipimo chake ni dBm: 20 ni sawa na miliwati 100, na ukipunguza 3 nguvu inakatika nusu. Simu ya mgeni haina nguvu hiyo. Hali inakuwa kama mtu mwenye kipaza sauti anayeongea na mtu wa mbali asiye nacho: simu inaonyesha vijiti vitatu vya Wi-Fi, lakini inachotuma hakifiki vizuri. Tena simu hung’ang’ania aksesi pointi ya chini hata mgeni akiwa ghorofani chini ya nyingine. Punguza nguvu, hasa kwenye bendi ya GHz 2.4, na mara nyingi malalamiko hupungua bila kutoa hata senti.

Kisha chaneli. Kwenye GHz 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, kwa upana wa MHz 20. Fundi akikuwekea upana wa 40 ili namba ya kasi ipande, anakula nafasi ya jirani na jirani anakula yako. Kwenye GHz 5 kuna nafasi zaidi, lakini chaneli 52 hadi 144 hutumiwa kwa masharti ya kuzipisha rada: kifaa lazima kisikilize angalau dakika moja kabla ya kuanza kurusha, na kikihisi rada kinahama papo hapo. Nyumba iliyo karibu na uwanja wa ndege inaweza kuona mtandao ukikatika bila sababu inayoonekana. Ukikatika mara mbili tatu, rudi kwenye 36 hadi 48. Na hakikisha nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio ni yako. Wapo mafundi wanaochagua nchi nyingine ili kufungua nguvu zaidi, na mwenye kuulizwa na TCRA au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni wewe mwenye jengo.

Majina ya mtandao nayo yana gharama. Kila jina hujitangaza karibu mara kumi kwa sekunde, na kama kasi za zamani za megabiti 1, 2, 5.5 na 11 zimeachwa wazi, matangazo hayo kwenye GHz 2.4 hupita kwa kasi ya chini kabisa na kumaliza muda wa hewani. Nimeona majengo yenye jina la mapokezi, la jikoni, la meneja, la wageni wa juu na la wageni wa chini. Mawili yanatosha, matatu yakizidi. Zima kasi hizo za zamani, ila ujue kifaa cha zamani sana kinaweza kugoma kuunganishwa. Mistari mingine, kama ule wa kizingiti cha RTS ulioandikwa 2347 na ule wa kugawa pakiti, iache ilivyotoka kiwandani.

Kutenganisha wageni na kompyuta ya mapokezi si jambo la hiari, maana kwenye kompyuta hiyo kuna nakala za pasipoti na hesabu za fedha. Hapa kuna bei iliyofichika. Utenganisho mzuri hutumia VLAN, yaani mitandao iliyotengwa juu ya waya uleule, na VLAN inahitaji swichi na ruta zinazoielewa, si swichi ya kawaida kabisa ya kwenye kibanda. Ukinunua swichi hiyo, nunua inayotoa na umeme kupitia waya, kwa viwango vya 802.3af vya wati 15.4 au 802.3at vya wati 30. Angalia sana adapta za volti 24 zinazosukuma umeme bila kuuliza kifaa kinahitaji nini: haziwezi kuendesha aksesi pointi ya viwango hivyo, na zikichomekwa pasipostahili huweza kuunguza tundu. Waya usizidi mita 100.

Upande wa usalama wa usimamizi wenyewe hauna gharama yoyote isipokuwa nusu saa. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta kwa kujaribu takriban majina na nywila 60 za kiwandani kupitia telnet. Uingereza ilipiga marufuku nywila za kiwandani zinazofanana kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Badilisha ya kwako siku ya kwanza. Zima telnet, zima SNMP kama hakuna anayeitumia, ruhusu HTTPS tu, na funga mlango wa kusimamia kifaa kutoka nje kupitia intaneti. Zima WPS pia: tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba namba yake ya siri ya tarakimu nane hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo anayebahatisha anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000 badala ya mamilioni.

Muuzaji akikusifia ukurasa unaokusanya namba za simu na barua pepe za wageni, fikiri mara mbili. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ukikusanya namba hizo unabeba wajibu wa kuzitunza. Vocha ya karatasi yenye muda wa saa 24 inafanya kazi ileile bila mzigo huo.

Kabla ya kumlipa fundi fedha ya mwisho, akaunti ya kontrola iwe kwenye barua pepe ya nyumba yako, si yake, na faili la nakala ya mipangilio ukabidhiwe kwenye flashi. Nasisitiza hili kuliko jambo lolote hapa, kwa sababu nimewaona watu wakilazimika kufuta mtandao mzima na kuanza upya baada ya fundi kuhama mji.

Na kwa wanaonunua vilivyotumika: bei yake huvutia, lakini kifaa cha Meraki kilichobaki kwenye akaunti ya mmiliki wa kwanza hakiwezi kusajiliwa kwako hadi yeye akiachie, na kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani hakibadilishi hilo. Kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji akiwashe, akirudishe kiwandani, akiunganishe kwenye akaunti yako mpya palepale dukani, na akuonyeshe tarehe ya sasisho lake la mwisho. Akikataa, nenda duka la pili.