Magari ya Zamani na ya Sasa Kwenye Miinuko ya Timau

Asubuhi ya baridi Timau, Land Rover ya miaka ya sabini ikikataa kuwaka haimshtui mtu. Fundi hufungua boneti, hulegeza nati juu ya filta ya dizeli, kisha huanza kusukuma kimkono kidogo cha pampu kwa kidole gumba. Kwanza hutoka povu jeupe. Baadaye hutoka dizeli tupu, isiyo na hewa. Nati hukazwa, mikono hupanguswa kwa kitambaa, ufunguo huzungushwa na injini huitika. Kazi nzima imehitaji spana na subira.

Urahisi huo ndio umeyapa magari ya zamani jina zuri kati ya wakulima wa viazi na ngano wa upande huu wa Mlima Kenya. Wengi huamini kwamba gari la kwenda shambani liliacha kutengenezwa zamani, na kwamba haya ya leo, yenye skrini na taa za kila rangi, ni ya lami tu. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila historia ya magari yenyewe haiiungi mkono moja kwa moja.

Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, ikiwa na bodi ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Miaka ya sabini Kenya ilikuwa ikiziunganisha Thika, kwenye kiwanda cha Leyland. Zilikuwa imara kwa namna yake, lakini zilikuwa na udhaifu unaojulikana: shafti za magurudumu ya nyuma zilikatika mzigo ukizidi, oili ilivuja, na wakati bodi ya alumini ikikaa bila kutu, chesisi ya chuma iliyo chini yake ilioza kimyakimya. Toyota Land Cruiser ilipokuja, wateja walihamia huko kwa sababu ilivunjika mara chache zaidi. Land Cruiser ndiyo iliyokuwa gari la kisasa siku hizo.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika upesi. Magari ya zamani tunayoyaona leo ni yale yaliyosalia. Mengine yalikwisha kukatwa vipande na kuuzwa kwa kilo, na hakuna anayeyahesabu. Hata hayo yaliyosalia si yale yaliyotoka kiwandani: chesisi imechomelewa, giaboksi imebadilishwa, na mara nyingi chini ya boneti ya Land Rover kumelala injini ya Kijapani. Kinachosifiwa hapo ni kazi ya mafundi wa vizazi viwili.

Mlima nao unatoa ushahidi wake. Kwenye mwinuko wa mita 2,400, hewa anayovuta mtu au injini ina oksijeni pungufu kwa takriban robo kuliko ya Mombasa. Ukipita Lango la Sirimon la kupandia mlima, lililo mita 2,650, barabara hupanda kilometa tisa hivi hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, na huko upungufu umekaribia theluthi. Injini ya dizeli isiyo na tabo, hata ile maarufu ya 1HZ ya Land Cruiser yenye nguvu za farasi zipatazo 130, hupanda huko ikitoa moshi mweusi, kwa sababu pampu inamwaga mafuta yaleyale huku hewa ya kuyachoma haitoshi. Injini ya sasa ina tabo ya kuisukumia hewa, na kompyuta inayopunguza mafuta kulingana na hewa iliyopo. Hupanda bila kulalamika. Kwenye mteremko wa kutoka Subuiga kwenda Isiolo pia, breki zinazodhibitiwa na kompyuta, pamoja na mifuko ya hewa, huokoa maisha ambayo breki za ngoma za zamani zingeyaweka hatarini. Na Land Rover Defender mpya, iliyozinduliwa mwaka 2019, inaruhusiwa kuvuka maji ya kina cha sentimita 90. Ile ya zamani, iliyokoma kutengenezwa Januari 2016, kikomo chake kilikuwa sentimita 50.

Basi lawama zinatoka wapi?

Nyingi zinatoka kwenye mafuta na mfumo wa kusafisha moshi. Pampu mpya husukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,600, kupitia matundu membamba sana. Maji kidogo au vumbi lililoingia kwenye mtungi wa dizeli wa shambani, ambalo injini ya zamani ingelikohoa na kuendelea, huharibu nozeli zenye bei ya kumtoa mkulima jasho. Kenya ilishusha kiwango cha sulfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa na ya kupongezwa. Lakini magari mengi ya mitumba yanatoka Japani, ambako kikomo ni 10, na yana filta ya masizi iliyobuniwa kwa mafuta hayo. Filta hiyo hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi. Gari linalozunguka kati ya shamba na soko, kilometa mbili mbili, halifikii joto hilo, na filta huziba.

Hata kwenye nchi zenye mafuta safi filta hizo zimeleta taabu. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ya Australia iliamua kwamba zaidi ya Toyota Hilux, Prado na Fortuner 260,000 za dizeli, zilizouzwa huko kuanzia 2015 hadi 2020, zilikuwa na mfumo wa filta wenye kasoro. Ni modeli zilezile zinazoheshimiwa sana Meru na Nanyuki. Injini haikuwa na tatizo. Kilichoshindwa ni kile kilichoongezwa ili moshi uwe safi.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na watu wa Timau huyachanganya: gari huharibika mara ngapi, na likiharibika nani atalitengeneza. Kwa swali la kwanza, gari jipya linalopewa mafuta safi na sevisi kwa wakati linashinda. Kwa la pili hali ni ngumu. Sensa moja ikifa, kompyuta hupunguza nguvu na gari hutambaa, na fundi asiye na mashine ya kusoma hitilafu atabadilisha spea tatu nzima kabla ya kuifikia ile mbovu. Sheria nayo haikubali kuingiza mitumba iliyozidi miaka minane, hivyo kila mwaka magari yasiyo na kompyuta yanazidi kupungua.

Mkulima anayenunua leo angeanzia hapo, kabla ya kuuliza rangi au mwaka: mashine inayolisoma gari hilo iko Timau, Nanyuki au Nairobi? Dizeli ya shambani inahifadhiwa wapi, na inachujwa? Safari zake ni ndefu kiasi cha kuipa moto filta? Na vyuo vya ufundi vinavyofundisha vijana kufungua injini vinapaswa kuwapa mashine hizo mikononi sasa hivi, pamoja na spana.