Ukucha Mweusi wa Seremala

Mjomba wangu ni seremala huko Keko, Dar es Salaam, mtaa ambao vitanda na makochi hupangwa hadi ukingoni mwa barabara. Jumamosi moja ya mwisho wa Juni, wateja wakiwa wamemzunguka, nyundo ilikosa msumari ikatua kwenye kidole gumba chake cha kushoto. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya rundo la mbao, akakibana kidole kwapani, akafumba macho, jasho likamtiririka usoni kama aliyemwagiwa maji.

Dawa zikaja zenyewe. Kijana wa rangi alileta mafuta ya taa. Jirani wa gereji akaja na oili chafu ndani ya kopo. Mama ntilie akabandika maji ya moto, akayatia chumvi, akasema, "Lete mkono nikukande, baba." Wengine wakataja kahawa ya unga, shubiri, majivu. Kila dawa ilikuja na ushuhuda wake: shemeji aliyepona, fundi wa zamani ambaye kidole chake hakikuoza. Mzee mmoja tu, fundi wa meza, ndiye aliyewakatalia wote. "Msimpake kitu," alisema. "Kesho asubuhi atakuja mwenyewe kuniomba pini."

Usiku ule mjomba hakulala. Saa nane alikuwa ameketi kitandani, mkono ameuinua juu kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali. Alisema kidole kimepata moyo wake, kinadunda peke yake. Alfajiri alikwenda kumtafuta mzee.

Mzee alichukua pini, akaishika kwa koleo, akaichoma kwenye moto wa kibiriti cha gesi hadi ncha ikawa nyekundu, akaigusisha katikati ya ukucha uliokuwa mweusi kama zambarau. Pakatoka moshi mwembamba na harufu ya nywele zilizoungua, maana ukucha na unywele vimejengwa na protini ileile. Mara damu nyeusi ikaruka. Mjomba alishusha pumzi ndefu, akacheka, akaomba chai.

Alichofanya mzee kinafanyika hospitalini pia. Damu imevilia chini ya ukucha, na daktari huutoboa kwa sindano nene au kwa kifaa cha umeme chenye ncha ya moto. Sababu yake ni rahisi kuielewa ukiutazama ujenzi wa ncha ya kidole. Juu kuna ukucha, gamba gumu lisilo na mishipa ya fahamu. Chini kuna mfupa. Katikati imebanwa nyama laini iliyojaa vijishipa vya damu. Vijishipa vikipasuka, damu haina pa kwenda. Haiwezi kuupinda ukucha wala kuusogeza mfupa. Kila pigo la moyo linasukuma damu zaidi kwenye nafasi iliyokwisha kujaa, na ukilala, mkono ukawa usawa wa moyo, msukumo unaongezeka. Ndiyo maana usiku unakuwa mrefu, na ndiyo maana mjomba aliinua mkono bila kufundishwa na mtu.

Ncha za vidole nazo zina sehemu kubwa kwenye ubongo kuliko ukubwa wao. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo mjini Montreal, alichapisha na mwenzake Edwin Boldrey mwaka 1937 ramani ya namna ubongo unavyoupokea mwili, na humo vidole na midomo vimechukua eneo pana huku mgongo mzima ukipewa kipande kidogo. Kidole kikipondeka, ni kama mtu amepiga yowe kwenye chumba chenye masikio mengi. Na ule mkono tunaoukung'uta au kuusugua mara tu baada ya kuumia una maelezo yake pia. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango: hisia za kuguswa na kutikiswa zikipita kwa wingi, zinalibana lango hilo, na habari za maumivu zinapita kwa shida.

Nirudi kwenye tundu la ukucha, kwa sababu hapa mafundi waliwahi kuwa mbele ya vitabu. Kwa miaka mingi madaktari walielekezwa kwamba damu ikijaa zaidi ya nusu ya ukucha, ukucha ung'olewe ili nyama ya chini ikaguliwe na kushonwa. Ni kazi ya maumivu, na mgonjwa hurudi nyumbani na kidole kilicho uchi. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa waliotobolewa tu, hata waliojaa damu nyingi, na wakapona vizuri. Mwaka 1999 utafiti mwingine ukawalinganisha watoto waliong'olewa kucha na wale ambao hawakung'olewa. Matokeo hayakutofautiana, gharama ndiyo iliyotofautiana. Ikiwa ukucha umekaa mahali pake na kingo zake hazijapasuka, tundu dogo linatosha.

Hata hivyo nisingependa msomaji akimbilie pini. Tundu linasaidia siku moja mbili za mwanzo, damu ikiwa bado haijaganda. Na pigo lililotosha kuvilisha damu linaweza kuwa limepasua mfupa wa ncha, na hapo tundu lililotobolewa kwa kifaa kichafu huwa njia ya vijidudu hadi mfupani. Kama kidole kimepinda, au ncha yake imeinama na mwenyewe hawezi kuinyoosha, huenda kano imekatika. Kinahitaji kufungwa kikiwa kimenyooka kwa muda wa wiki sita au zaidi, bila kukunjwa hata mara moja. Kidole cha namna hiyo kikichuliwa na mganga wa mifupa, mara nyingi hubaki kimeinama maisha yote.

Maji ya moto ya mama ntilie yalikuwa ya upendo, lakini yalikuja mapema mno. Joto hupanua mishipa, na mishipa inayovuja ikipanuliwa inavuja zaidi. Saa za mwanzo ni za baridi: maji ya baridi, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi, kisha mkono uwe juu ya usawa wa moyo. Pete ivuliwe palepale, kabla kidole hakijavimba. Kukanda kunaweza kusubiri siku mbili.

Hayo yote ni kwa ngozi isiyopasuka. Ngozi ikipasuka, mafuta ya taa na oili chafu hugeuka jambo jingine kabisa, na hapa ndipo ninapoumia ninapopita kwenye karakana zetu. Mafuta ya taa huunguza nyama iliyo wazi. Majivu na udongo huingiza kidondani vitu ambavyo mwili utahangaika kuvitoa. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoua mbegu za bakteria wa pepopunda. Jina hilo lina punda ndani yake, na kweli kinyesi cha punda, farasi na ng'ombe hubeba mbegu hizo, zikabaki udongoni miaka na miaka. Kutu yenyewe ya msumari haina kosa. Kosa ni uchafu ulioshikamana na msumari na tundu refu jembamba unaloliacha, maana bakteria huyo hustawi pasipo na hewa. Shibasaburo Kitasato, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alifaulu kumtenga mwaka 1889 kwa kumkuza mahali pasipo na oksijeni. Mwaka uliofuata yeye na Emil von Behring wakaonyesha kwamba damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga inaweza kuizima sumu ya ugonjwa huo.

Chanjo tunayo, basi. Lakini fikiria ni nani anayeipata. Mtoto huchanjwa akiwa mchanga. Mwanamke huchanjwa tena anapobeba mimba, ili mtoto wake asizaliwe katika hatari. Mwanamume ambaye hakwenda jeshini, hakulazwa kwa ajali, hakuna mlango unaomkumbusha. Pengo hilo lilionekana wazi katika miaka ya 2010, wakati kampeni za tohara kwa wanaume wazima zilipoenea mashariki na kusini mwa Afrika na baadhi ya waliotahiriwa wakapata pepopunda. Uchunguzi wa damu ukaonyesha kwamba wanaume wana kinga ndogo kuliko wanawake. Na karakana zetu zimejaa nani? Kinga ya utotoni hupungua kadiri miaka inavyopita, na hata aliyeugua pepopunda akapona haachiwi kinga na ugonjwa wenyewe. Sindano ya tetenasi hupigwa tena kila baada ya miaka 10, na kwa kidonda kichafu hata ikiwa imepita miaka 5 tu. Nilimuuliza mjomba mara ya mwisho alichomwa lini. Hakukumbuka kuchomwa kamwe.

Si kila dawa ya nyumbani inastahili kutupwa. Moses Murandu, muuguzi aliyekulia Zimbabwe, aliona tangu utotoni kidonda kikitiwa sukari, akaja kuifanyia utafiti Uingereza katika Chuo Kikuu cha Wolverhampton. Sukari hunyonya maji, na bakteria bila maji hawastawi. Asali hufanya hivyo na kuongeza lake: ina kimeng'enya kinachozalisha kidogokidogo dawa ileile ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Hata hivyo kazi ya kwanza ni maji safi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika kadhaa, hata kama fundi anauma meno.

Kuna jeraha moja ambalo ningependa kila gereji ilijue, kwa kuwa linadanganya. Fundi wa nozeli anaijaribu nozeli ya dizeli, au kijana anashika bomba la grisi au la kupulizia rangi, kidole kinapita mbele ya tundu. Anahisi kama kachomwa na mwiba. Pana kitone kidogo, damu haitoki, maumivu si makali. Anafuta kwa tambara na kuendelea na kazi. Kumbe dizeli imepenya ngozi na kusafiri ndani ya kidole kufuata ala za kano, pengine hadi kiganjani. Rees, daktari wa Marekani, alilieleza jeraha hili mwaka 1937, injini za dizeli zilipokuwa bado ngeni, na hadi leo linaendelea kuwapotezea watu vidole. Saa chache baadaye kidole kinavimba, kinabadilika rangi. Hakuna cha kupaka. Anahitaji upasuaji wa kusafisha siku hiyohiyo, na aliyempeleka hospitali aseme wazi ni mafuta gani, kutoka mashine gani, maana mpokeaji akiona kitone kile anaweza kumpa plasta na kumrudisha nyumbani.

Kidole kilichokatika kabisa kinaweza kurudishwa pale penye madaktari wa kazi hiyo. Mwaka 1963 Chen Zhongwei na wenzake mjini Shanghai walirudisha mkono wa mfanyakazi wa kiwanda, na mwaka 1965 huko Japani Komatsu na Tamai wakarudisha kidole gumba. Kipande kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndio uwekwe juu ya barafu. Barafu ikigusa nyama moja kwa moja huiua.

Watoto nao wana zawadi yao. Cynthia Illingworth, daktari wa hospitali ya watoto mjini Sheffield, aliandika mwaka 1974 kwamba ncha za vidole vya watoto zilizokatwa na milango, zikisafishwa na kufunikwa bila kushonwa, ziliota tena, ukucha pamoja na mistari ya kidole, mradi kilichokatika ni kile cha juu ya kiungo cha mwisho. Mwaka 2013 Mayumi Ito na wenzake mjini New York walionyesha kwa panya mahali siri ilipo: kwenye shina la ukucha kuna seli shina zinazotuma ishara, na mishipa ya fahamu na mfupa hukua kufuata ishara hizo. Panya akikatwa chini ya shina hilo, ncha hairudi. Mtoto akibanwa na mlango, basi, ukucha unaoning'inia usivutwe na mtu nyumbani.

Doa jeusi la mjomba lilinifanya nimfikirie Bob Marley. Doa chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake lilidhaniwa ni jeraha la mpira. Mwaka 1977 ikajulikana ni melanoma, saratani ambayo kwa watu weusi hupenda kujificha kwenye nyayo na chini ya kucha. Aliimba kwenye uhuru wa Zimbabwe Aprili 1980, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Damu iliyovilia husogea mbele pamoja na ukucha. Doa lisilosogea, au lililokuja bila pigo, lionwe na daktari.

Kasi ya kusogea tunaijua kwa uvumilivu wa mtu mmoja. William Bean, daktari wa Marekani, alitia alama kwenye ukucha wa gumba lake kila mwezi kwa miaka 35, akachapisha matokeo mwaka 1980. Akiwa na miaka 32, ukucha ulikua milimita 0.123 kwa siku. Alipofika 67, milimita 0.095.

Nilimsimulia mjomba habari hii tukiwa kwenye benchi la zahanati, akingoja sindano yake ya tetenasi. Alicheka, lakini jioni ile alipima kwa rula yake ya mbao: kutoka tundu la pini hadi ukingo wa ukucha, milimita 9. Akaandika kwa penseli ukutani, pale anapoandika vipimo vya wateja. Mwisho wa Septemba alinipigia simu. Tundu limefika ukingoni, alisema, amelikata kwa mkasi na kukifunga kipande kwenye karatasi ya msasa anionyeshe. Siku 93.